Kulegeza Uzi Mmoja Mmoja: Shajara ya Albamu kuhusu Ugarit

Januari: umbo kabla ya nyimbo

Albamu hii ya roki ya progresivu itakuwa na nyimbo 7, na kisa chake ni kuanguka kwa miji na dola za mashariki ya Bahari ya Kati mwishoni mwa Zama za Bronzi, takriban mwaka 1200 KK. Katika miongo michache dola ya Wahiti, katika Uturuki ya leo, ilitoweka, kasri la Pylos huko Ugiriki liliteketea, bandari ya Ugarit katika pwani ya Syria iliharibiwa na mji haukurudi tena katika hali yake, na Misri, ijapokuwa ilisalimika, ilipoteza milki zake za Kanaani. Wanahistoria walio wengi leo hawatafuti tena chanzo kimoja. Ukame, njaa, uvamizi, machafuko ya ndani, matetemeko ya ardhi na kukatika kwa njia za biashara vilichangiana, na pigo ambalo dola moja ingeweza kulistahimili katika miaka ya kawaida likawa zito kwa sababu majirani zake walikuwa wamekwisha kudhoofika. Hilo ndilo ninalotaka lisikike.

Roki ya progresivu ina mazoea yake ya kuonyesha maangamizi: ngoma zote kwa pamoja, ogani inayonguruma, gitaa la umeme lenye ukali, kisha kimya. Ninaupenda muziki huo na nimekulia ndani yake, lakini kishindo cha namna hiyo hakiendani na ushahidi tulio nao, kwa sababu waandishi wa Ugarit waliendelea kuorodhesha nafaka na kutuma barua za biashara karibu hadi mwisho. Nilihitaji umbo linalobadilika hatua kwa hatua, ambamo msikilizaji hawezi kuonyesha kwa kidole ni wapi hasa mambo yaliharibika.

Umbo hilo limo katika kibao cha udongo kutoka mji wa Ur, chenye maandishi ya kikabari ya Kibabeli cha kale, ambacho O. R. Gurney alikichapisha mwaka 1968. Kibao hicho kinaeleza namna ya kupatanisha nyuzi za kinubi chenye nyuzi 9, ambamo uzi wa 8 na wa 9 huirudia sauti ya uzi wa 1 na wa 2 kwa oktava. Maelekezo yake huenda hivi: ikiwa kinubi kimo katika mpatano fulani, na umepiga nyuzi mbili zilizotajwa ukakuta mwachano wake, yaani umbali kati ya sauti zake, si safi, basi rekebisha uzi fulani, na mwachano utakuwa safi. Papo hapo kinubi kimeingia katika mpatano mwingine wenye jina lake. Mipatano hiyo ni 7, na mwachano usio safi ni ule ambao wanamuziki wa leo huuita tritoni, yaani umbali wa toni 3 nzima.

Lililonishika ni tabia ya mfumo wenyewe. Ukiiondoa tritoni mahali pamoja, nyingine huzaliwa mara moja kati ya nyuzi nyingine, nayo hudai urekebishaji wake, na ule nao huzaa mwingine. Tukianza na skeli kuu ya D, tritoni imo kati ya G na C shapu (C iliyopandishwa nusu toni), kwa hiyo tunailegeza C shapu iwe C. Sasa hitilafu imehamia kati ya F shapu na C. Tunailegeza F shapu. Kisha zamu ya B, halafu E, halafu A, halafu D yenyewe, na mwisho G. Baada ya hatua 7 kila uzi umeguswa, kila rekebisho lilikuwa la busara kwa wakati wake, na skeli nzima imerudi kuwa skeli kuu ileile, ila sasa iko nusu toni chini, katika D flati (D iliyoshushwa nusu toni). Hakuna aliyekusudia kuishusha.

Nyimbo 7 zitakuwa mipatano 7. Kati ya wimbo na wimbo hapatakuwa na kimya: patasikika uzi halisi wa kinubi ukilegezwa. Hatua ya 7 itakuja ndani ya wimbo wa mwisho. Mashairi yatakuwa ya Kiswahili, na sehemu za simulizi zitafuata umbo la utenzi, kwa sababu utenzi ndio umbo ambalo lugha yetu imelizoea kwa habari za vita na falme.

Februari: wimbo wa 1, na swali la mwelekeo

Wimbo wa kwanza unakaa juu ya kibao kingine, na hapa ilibidi tusome kwa makini kabla ya kugusa ala yoyote. Wanaakiolojia wa Kifaransa waliokuwa wakichimba kasri la kifalme la Ugarit mwanzoni mwa miaka ya 1950 walipata vipande vya vibao vyenye nyimbo za lugha ya Kihuri. Kimoja tu kati ya hivyo, ambacho wataalamu hukiita h.6, kimesalia karibu kizima. Kinakadiriwa kuwa cha takriban mwaka 1400 KK, na kinamhusu Nikkal, mungu wa kike wa bustani za matunda na mke wa mungu wa mwezi. Sehemu ya juu ina maneno. Chini ya mstari maradufu yamo majina ya miachano ya kinubi, na baada ya kila jina pana tarakimu. Emmanuel Laroche ndiye aliyevichapisha vibao hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Anne Draffkorn Kilmer alitoa tafsiri ya kimuziki ambayo ndiyo iliyosikika zaidi ulimwenguni.

Katika tafsiri ya Kilmer mpatano wa wimbo huo, uitwao nid qabli, unalingana na skeli kuu ya kisasa, na kila jina la mwachano linamaanisha noti mbili zinazopigwa pamoja. Wataalamu wengine wameusoma mfumo huo kwa mwelekeo tofauti na kupata miachano mingine kabisa. Baadhi ya wenzangu katika bendi walitaka kila wimbo wa albamu upewe jina la mpatano wa Kibabeli. Nilikataa, kwa sababu kumwambia msikilizaji kwamba modi fulani, yaani mpangilio fulani wa skeli, ndiyo mpatano uitwao embubu au kitmu ni kumpa uhakika ambao wataalamu wenyewe hawajaufikia. Tunachokichukua kutoka Ur ni mwendo wa kulegeza na kuhama, ambao unabaki uleule nyuzi zikihesabiwa kwenda juu au kwenda chini.

Kilichotufurahisha sana ni tarakimu. Mstari wa kwanza wa muziki katika h.6 unakwenda 3, 1, 3, 1, kisha 10. Baadhi ya wasomaji huzichukua tarakimu hizo kuwa idadi ya marudio, nasi tumefuata njia hiyo: gitaa la nyuzi 12 linapiga jozi za noti mara 3, mara 1, mara 3, mara 1, halafu mara 10. Matokeo yake ni duru ya mapigo 8 ikifuatwa na duru ya mapigo 10, na mpiga ngoma wetu alikubali mara moja kwamba hakuna la kuongeza. Watunzi wengi wa aina hii ya muziki hujitahidi kubuni mapigo yasiyo sawa. Hapa yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika udongo karne 34 zilizopita.

Maneno ya Kihuri hayatatafsiriwa ndani ya wimbo. Kihuri kinafahamika kwa sehemu tu, na mwimbaji wetu atayaimba machache yaliyo wazi katika maandishi, huku kwaya ikishika sauti ya pili na ya nne chini yake.

Machi: wimbo wa 2, shehena

C shapu imelegezwa. Wimbo huu ni wa meli iliyozama karibu na rasi ya Uluburun, kusini mwa Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK. Mpiga mbizi wa sponji aliiona mwaka 1982, na uchimbaji wa chini ya maji uliendelea kuanzia mwaka 1984 hadi 1994. Meli hiyo ilibeba takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, na uwiano huo wa 10 kwa 1 ndio unaotumika kutengeneza bronzi. Zana za bronzi za enzi ile, tangu jembe hadi upanga, zilitegemea madini mawili yaliyochimbwa mahali mbalimbali na yaliyosafiri mbali kabla ya kukutana katika tanuri. Sijaona ushahidi mwingine unaoeleza utegemeano wa dola zile kwa ufupi kuliko shehena hii.

Kwa hiyo uwiano huo ndio mdundo: besi inapiga mapigo 10 mazito, na ndani ya mapigo hayo kengele inaitikia mara 1. Ogani ya Hammond inaingia juu yake kwa duru ya mapigo 9, ili kengele na ogani zikutane mara moja tu katika kila mapigo 90, na kila zinapokutana kwaya inataja bidhaa moja iliyopatikana katika meli: vipande vya kioo vya rangi ya buluu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, mayai ya mbuni, kito cha dhahabu chenye umbo la mbawakawa na jina la Malkia Nefertiti wa Misri.

Ilikuwamo pia mbao ambayo wataalamu waliitambua kuwa Dalbergia melanoxylon, nao ni mpingo wetu, mti wa Afrika. Klarineti na zumari za okestra za leo hutengenezwa kwa mbao hiyohiyo. Tulipolijua hilo tuliibadilisha sehemu nzima ya katikati, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya sintesaiza, na sasa inapigwa na klarineti ya mpingo peke yake juu ya besi. Sitaki pambo hilo lielezwe ndani ya mashairi. Litatajwa katika kijitabu, na anayependa kusikiliza kwa makini atalikuta.

Aprili: wimbo wa 3, mkataba

Mwaka 1259 KK, miaka 15 baada ya vita vya Kadesh, Ramesses II wa Misri na Hattusili III wa Wahiti walifunga mkataba wa amani ulioandikwa juu ya mabamba ya fedha. Mabamba yenyewe hayapo tena, lakini nakala ya Kimisri imechongwa katika kuta za hekalu la Karnak, na nakala za Kiakadi katika udongo zilipatikana Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Malkia Puduhepa naye alitia muhuri wake upande wa Wahiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika mikataba ya enzi hiyo, nami nimempa yeye ubeti mrefu kuliko wafalme wote wawili.

Nakala hizo mbili zinaafikiana kuhusu masharti: kutoshambuliana, kusaidiana dhidi ya adui, kurudishiana wakimbizi. Kwa hiyo upande wa Misri unaimbwa kwa duru ya mapigo 7 na upande wa Wahiti kwa duru ya mapigo 5, kila mmoja kwa mwendo wake, na baada ya kila mapigo 35 duru zote mbili zinaanza pamoja. Kila sharti la mkataba limewekwa juu ya pigo hilo la pamoja. Mazoezi yalikuwa magumu, maana mizani 8 za mshororo wa utenzi hazilali kwa urahisi juu ya mapigo 7, na mwimbaji alilazimika kuukata mshororo katikati na kuvuta silabi ya mwisho hadi duru inayofuata. Matokeo yanasikika kama mtu anayechagua maneno yake mbele ya mgeni wa heshima, na hilo linafaa.

Huu ndio wimbo wenye matumaini zaidi katika albamu. Niliandika hivyo kwa makusudi. Mfumo uliokuja kuanguka ulikuwa umejengwa na watu wenye akili, waliojua faida ya amani na waliolipa gharama ili kuilinda.

Juni: wimbo wa 4, miaka mitatu bila mvua

B imekuwa B flati, na kwa hatua hii skeli kuu tuliyoanza nayo imegeuka kuwa skeli ndogo ya kawaida, inayopendwa na kila mpiga gitaa la roki. Hatari yake ni kwamba inarahisisha huzuni. Tuliamua wimbo wa ukame uwe mtupu kadiri iwezekanavyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza mbao za mireteni kutoka kilima cha kaburi huko Gordion, katika Anatolia ya kati (Uturuki ya leo), na kuonyesha kwamba miaka ya 1198 hadi 1196 KK ilikuwa mikavu kupita kiasi mfululizo. Mwaka mmoja wa ukame, ghala za mfalme huweza kuziba pengo. Mwaka wa pili mbegu huliwa. Mwaka wa tatu jeshi halilishwi. Kabla ya hapo Farao Merneptah alikuwa amekwisha kutuma nafaka ili, kama maandishi yake yanavyosema, nchi ya Hatti iendelee kuishi. Kwa hiyo uhaba wa chakula haukuwa jambo geni kwa Wahiti pale ukame huu ulipoanza.

Wimbo una beti 3 ndefu, na kila ubeti una ala chache kuliko uliotangulia. Kiini chake ni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huendesha ukanda wa sumaku uliorekodiwa sauti, na ukanda huo huisha baada ya takriban sekunde 8. Wapiga vinanda kwa kawaida huukwepa ukomo huo kwa kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mapema. Sisi tumefanya kinyume: kodi inashikiliwa mpaka ukanda unafika mwisho na sauti inakatika yenyewe, na hakuna ala inayoingia kuziba pengo. Katika ubeti wa tatu mapengo ni marefu kuliko sauti. Mhandisi wa studio alipendekeza tuongeze mwangwi ili mapengo yasisikike makavu mno. Tulimshukuru na tukayaacha makavu.

Julai: tatizo la senti 14

Tulipofika wimbo wa 5 kulitokea jambo la kiufundi ambalo linastahili kuandikwa hapa kwa utulivu, kwani linagusa mradi wote. Kinubi chetu, kilichotengenezwa na fundi kwa ajili ya albamu hii, kinapatanishwa kwa sikio kwa miachano safi, kama kibao cha Ur kinavyodai. Ogani, Mellotron na magitaa yenye freti (vipande vya chuma shingoni vinavyoigawa sauti) hufuata mgawanyo sawa wa kisasa, ambamo kila nusu toni ina senti 100, kipimo kidogo cha umbali wa sauti. Uzi unaolegezwa kwa sikio mpaka mwachano uwe safi kabisa hushuka kidogo zaidi, takriban senti 114. Tofauti ya senti 14 ni ndogo, lakini ikikaa chini ya kodi ya ogani inayoshikiliwa kwa muda mrefu husikika kama mtetemo usiopendeza, na kila hatua tunayoshuka inawaathiri wapigaji wengi zaidi.

Njia ilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukipatanisha kinubi kwa kompyuta ili kifuate ogani, jambo ambalo lingeondoa sababu ya kuwa na kinubi. Ya pili ni kukubali kwamba kuanzia wimbo wa 5 kinubi na ogani havitapigwa pamoja tena. Tulichagua ya pili. Sasa kinubi kinaambatana na sauti za watu na besi isiyo na freti tu, ala zinazoweza kumfuata mwenzake kwa sikio, na vinanda vinajibu kutoka mbali, baada ya kinubi kunyamaza. Msikilizaji hataambiwa sababu, lakini atasikia kwamba bendi iliyokuwa ikipiga kwa pamoja sasa imegawanyika makundi mawili, nami naona hilo limekisaidia kisa kuliko ubeti wowote niliouandika.

Wimbo wa 5 wenyewe ulikuja haraka. Maneno yake yanatokana na vibao vya Pylos vya mwandiko wa Linear B, mwandiko wa kale wa Kigiriki uliofumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952. Vibao hivyo havikukusudiwa kudumu. Moto ulioteketeza kasri ndio uliovichoma na kuvihifadhi. Mfululizo mmoja unafunguka kwa kusema kwamba hivi ndivyo walinzi wanavyoilinda pwani, kisha unataja makamanda, mahali na idadi ya watu, kwa jumla takriban watu 800 kwa ukanda mrefu wa pwani. Ni orodha tu, na tunaiimba kama orodha, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, juu ya ngoma ndogo.

Agosti: wimbo wa 6, barua

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. A imekuwa A flati, na maana yake ni kwamba tritoni sasa imo kati ya D na A flati: noti ya msingi, ambayo tangu mwanzo wa albamu ilikuwa nguzo ya kila wimbo, imepoteza kwinti yake, yaani noti ya tano juu yake inayoiunga mkono. Kodi ya kupumzikia haipo. Wapiga gitaa wa besi huijua modi hii na wengi huikwepa, kwa sababu kila sentensi ya muziki inabaki wazi hata ukiirudia noti ya msingi kwa nguvu kiasi gani.

Maneno yanatoka katika barua ambayo mfalme wa mwisho wa Ugarit, Ammurapi, alimwandikia mfalme wa Alashiya, ambayo wataalamu wengi wanaikubali kuwa Saiprasi. Anamwita baba yake, kwa adabu ya kidiplomasia ya wakati ule. Anaeleza kwamba meli za adui zimekuja na kuchoma miji yake, kwamba askari wake wote wako katika nchi ya Hatti na meli zake ziko Lukka, pwani ya kusini-magharibi mwa Anatolia, na kwamba nchi imeachwa peke yake. Meli za adui zilizofanya uharibifu huo, anasema, ni 7. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na kila mara kinachonigusa ni udogo wa idadi hiyo. Ugarit ilikuwa bandari tajiri yenye meli zake nyingi. Meli 7 hazingekuwa tishio kubwa kama jeshi na merikebu zisingekuwa zimepelekwa kuwasaidia Wahiti, kwa mujibu wa utii wa Ugarit kwao uliokuwa umedumu kwa zaidi ya karne moja. Utii ulioulinda mji ndio uliouacha bila ulinzi.

Ubeti wa ufunguzi umekuwa huu:

Baba yangu nakwambia,
saba zimetufikia,
moto zimetutilia,
na jeshi li ugenini.

Kina cha mwisho, -ni, kinashikwa katika beti zote, kama utenzi unavyotaka, na kila kinapofika besi inapiga A flati badala ya D.

Kulikuwa na hoja ndani ya bendi kuhusu habari moja iliyoenea sana. Claude Schaeffer, aliyeongoza uchimbaji wa Ugarit kuanzia mwaka 1929, aliamini kwamba kundi fulani la barua lilikutwa ndani ya tanuri, likiwa bado linaokwa wakati mji ulipoanguka. Ni taswira yenye nguvu mno, na mpiga kinanda wetu alikuwa amekwisha kuitungia kipande kizuri. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hapakuwa na tanuri la namna hiyo, na kwamba vibao huenda vilianguka kutoka ghorofa ya juu pamoja na kikapu vilimokuwamo. Niliomba taswira hiyo iondolewe. Kipande cha muziki tumekibakiza, kwa kuwa kinasimama vizuri bila tanuri, na sasa kinabeba ubeti unaotaja askari walio Hatti.

Septemba: wimbo wa 7

Ili kuiondoa tritoni kati ya D na A flati hakuna njia ila kuilegeza D. Kinubini nyuzi mbili huguswa kwa pamoja, wa 1 na wa 8, na kibao cha Ur kwa kweli huzitaja nyuzi za namna hiyo kwa jozi. Tulirekodi tendo hilo kwa maikrofoni mbili za karibu, bila ala nyingine. Baada yake modi inayofunguka juu ya D flati ni angavu ajabu, na wasikilizaji wetu wa kwanza walishangaa kwamba wimbo wa maangamizi una nuru. Sikuitafuta nuru hiyo. Hesabu ya nyuzi ndiyo iliyoileta, na historia inairuhusu.

Ukuta wa hekalu la Farao Ramesses III huko Medinet Habu unaeleza kwamba katika mwaka wake wa 8 aliwashinda watu waliokuja kwa nchi kavu na baharini: Peleset, Tjeker, Shekelesh, Denyen na Weshesh. Vitabu vingi huwaita Watu wa Bahari, na vimewafanya kuwa waharibifu wa kila kitu. Lakini michoro ya ukuta huohuo inaonyesha magari ya kukokotwa na maksai, na ndani yake wamo wanawake na watoto. Watu wanaosafiri na jamaa zao wamekimbia mahali fulani. Katika wimbo wetu wanaimba kwa lahani ileile iliyoimbwa na walinzi wa Pylos, ikiwa imeshushwa tu kufuata mpatano mpya.

Sehemu ya kati inatoka Misri iliyoshinda. Mnamo mwaka wa 29 wa Ramesses III, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina waliochonga makaburi ya wafalme waliacha kazi kwa sababu posho zao za nafaka zilikuwa zimechelewa, wakaenda kukaa kando ya mahekalu wakisema njaa na kiu ndivyo vilivyowafikisha hapo, na kwamba hawana nguo, wala mafuta, wala samaki, wala mboga. Habari hizo zimo katika papiri iliyohifadhiwa Turin. Kwaya nzima inaiimba orodha hiyo ya vitu vilivyokosekana kwa mpangilio uleule wa orodha ya shehena katika wimbo wa 2, juu ya mapigo 10 na kengele 1.

Kisha G inalegezwa, na skeli kuu inarudi katika D flati. Gitaa la nyuzi 12 linapiga tena 3, 1, 3, 1, 10.

Novemba: kuchanganya sauti na santuri

Kazi ya kuchanganya sauti imekamilika. Upande wa kwanza wa santuri utakuwa na nyimbo 4, takriban dakika 22, na upande wa pili nyimbo 3, takriban dakika 21. Urefu huo unatulazimu kupunguza kidogo kiwango cha sauti, maana upande ukiwa mrefu mifereji hukaribiana na haiwezi kubeba besi nzito bila kugusana. Jambo la pili tulilolizingatia ni kwamba kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, ndivyo sauti za juu zinavyopoteza usafi wake. Mpangilio wa kisa umetusaidia hapa bila kupindwa: upande wa kwanza unaishia katika ukame, wenye Mellotron na mapengo, na upande wa pili unaishia na kinubi na sauti za watu, kisha gitaa, bila matoazi.

Kugeuza santuri kunaikata hatua ya 4, yaani kulegezwa kwa E, ambayo inagusa uzi wa 2 na wa 9. Tumeiweka mwanzoni mwa upande wa pili, ili msikilizaji anaporudisha sindano jambo la kwanza alisikie ni uzi ukishuka. Katika toleo la kidijitali nyimbo zote zinaunganishwa bila nafasi kati yake, na tumeliomba hilo kwa maandishi katika maelekezo ya mastaringi, hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi.

Kilichobaki ni kijitabu. Kitakuwa na mashairi yote, ramani yenye Ugarit, Hattusa, Pylos, Uluburun, Gordion na Medinet Habu, maelezo mafupi kuhusu mpingo na klarineti, na mchoro wa nyuzi 9 unaoonyesha ni uzi upi unaolegezwa baada ya wimbo upi. Maneno ya Kihuri yatachapishwa kama yalivyo katika kibao, pamoja na majina ya wataalamu waliotoa tafsiri zinazotofautiana, ili anayetaka kuupiga wimbo huo kwa njia nyingine apate pa kuanzia.